Programu ya utabiri wa hewa: saa inazijua, mtaa wangu haiujui

Nina pumu tangu utotoni. Kwa miezi minne sasa, nikiamka kitu cha kwanza ninachotazama ni rangi ya hewa. Programu niliyoiweka kwenye simu inajinadi kwamba inatabiri uchafuzi wa hewa "mtaani kwako, saa kwa saa". Nimekuwa na daftari: usiku naandika ilivyotabiri, asubuhi naandika inavyosema, na chini yake naandika kifua kimesemaje. Jina lake silitaji, maana nimejaribu mbili nyingine za aina hiyo na maradhi yao ni yale yale.

Nianze na deni ninalodaiwa nayo. Miaka yote nimekimbia saa 11 alfajiri kwa imani kwamba hewa ya alfajiri ndiyo safi kuliko zote. Nani hakuambiwa hivyo? Wiki ya kwanza tu grafu ikaniumbua. Mstari ulianza kupanda jioni, ukaendelea usiku kucha, ukafika kileleni kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, kisha ukaporomoka. Kesho yake hivyo hivyo. Usiku usio na upepo ardhi hupoa, hewa iliyoigusa nayo hupoa, na hewa ya joto hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa jana unabanwa humo chini, magari ya asubuhi nayo yanaongeza wao. Jua likishapasha ardhi ndipo hewa inapopanda na kifuniko kinafunguka. Kumbe nilikuwa nahema kwa nguvu saa ile ile ambayo sufuria imefunikwa! Nimehamishia mbio zangu saa 4, na inhela siku hizi inamaliza wiki mfukoni bila kuguswa. Kwa hilo peke yake programu imepata nyota mbili.

Ila usidhani mchana wote ni salama. Siku za jua kali, gesi za magari na za viwandani hupikwa na mwanga hadi zikawa ozoni, gesi inayokera mapafu, na ozoni hupamba moto alasiri, wakati chembechembe za moshi zimeshapungua. Programu inalijua hili, lakini imelificha ndani ya "maelezo zaidi", ukurasa wa tatu, kwa herufi za kusomea na miwani. Mwenye pumu hafai kuitafuta ozoni kama anayetafuta sindano iliyodondoka.

Rangi nazo zina mambo yake. Inatumia kipimo cha Marekani, 0 hadi 500: kijani mpaka 50, manjano mpaka 100, halafu chungwa, nyekundu, zambarau, na mwishoni kabisa damu ya mzee. Manjano wameiandika "wastani", na mimi niliichukulia kama ruhusa. Baadaye nikakaa na kalamu. Kwa zile chembe laini za mikromita 2.5 kushuka chini, 100 ya kipimo hicho ni kama mikrogramu 35 katika mita moja ya ujazo, wastani wa siku nzima. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishauri zisizidi 15 kwa siku. Yaani hiyo "wastani" inaweza kuwa zaidi ya maradufu ya ushauri huo, na hakuna hata nyota ndogo ya kukutahadharisha. Kuna kitufe cha kubadili kipimo. Nikachagua cha India siku ambayo mikrogramu zilikuwa 50. Rangi ya chungwa ikageuka kijani, "inaridhisha". Hewa ni ile ile, pua ni zile zile! Tangu hapo nasoma mikrogramu, rangi nawaachia wengine.

Sasa hilo neno "mtaani kwako". Kituo rasmi cha kupima hewa kiko mbali na kwangu, kwa hiyo namba inayokaa juu ya jina la mtaa wangu haikupimwa, imekokotolewa. Miundo ya kompyuta ya dunia nzima inayolisha utabiri wa namna hii hugawa uso wa dunia katika miraba. Ule wa Copernicus, mpango wa Ulaya wa kuchunguza dunia, kwa mfano, mraba wake mmoja una upana wa takriban kilomita 40. Unameza jiji na vitongoji vyake, halafu anatokea mtu anauandika jina la kichochoro chako. Jioni moja programu iliniandikia: "Hewa ni safi, fungua madirisha." Nikafungua. Nyuma ya ukuta kulikuwa na mtu anachoma mifuko ya plastiki na majani mabichi. Nililala nimekaa. Programu ilibaki kijani mpaka asubuhi. Siilaumu kwa kutokuona moto wa jirani, hakuna setilaiti inayomlinda jirani yangu. Nailaumu kwa kunielekeza madirisha yangu kana kwamba imesimama chumbani.

Kinyume chake kilitokea asubuhi ya ukungu. Kuna kihisi cha bei nafuu, kifaa kidogo cha kupima hewa ambacho programu hukisoma, kwenye paa la mtu, mitaa miwili kutoka kwangu, nacho kikaruka hadi zambarau. Nikajifungia ndani, barakoa usoni, huku kifua kikiwa chepesi kuliko siku zote. Vihisi vile humulika hewa kwa leza na kuhesabu mwanga unaotawanyika, na tone la ukungu hutawanya mwanga kama vumbi. Zipo hesabu za kurekebisha unyevu, wenye programu hawakuzitumia. Niliwaandikia. Baada ya wiki tatu wakajibu kunishukuru na kuniomba nyota tano.

Arifa huchelewa. Hata namba ya "sasa hivi" ya chembe laini katika kipimo cha Marekani huchanganya saa 12 zilizopita, ingawa za karibuni hupewa uzito zaidi, kwa hiyo moshi ukifika mlangoni pua inakuwa imeshajua. Utabiri wa kesho unaaminika vya kutosha. Wa siku ya nne na ya tano nimeacha kuufungua. Ramani ya mishale ya upepo ni nzuri sana, na siku hizi naitazama kabla ya namba yoyote. Betri hailiwi sana. Matangazo yapo, yanavumilika.

Nyota tatu. Arifa zote nimezizima nikabakiza moja, ile ya saa 3 usiku inayonitajia saa bora ya kesho. Ya leo imeshaingia: saa 4 na nusu, upepo kutoka kusini. Kukiwa na ukungu nitatoka hivyo hivyo, ila kwanza nitachungulia nyuma ya ukuta.