Bodi ya sevo 16: amri inatoa, nguvu jitafutie

Kaa halisi ana miguu minane ya kutembelea. Wangu, wa roboti, ana sita, na sababu ni bodi hii ninayotaka kuizungumzia. Kila mguu unakula sevo mbili (mota ndogo zinazogeuka hadi pembe unayoamuru), moja ya kunyanyua na moja ya kupeleka mbele na nyuma. Miguu minane ingemaliza sevo 16, na bodi ina chaneli 16 basi, yaani sehemu 16 za kuchomeka sevo. Magando ningeyachomeka wapi? Nikakata miguu miwili, jumla zikawa sevo 14 pamoja na magando, binti yangu akampa jina la Ngadu, kazi ikaanza.

Bodi yenyewe ni ile yenye chipu ya PCA9685. Ina urefu wa sentimeta 6 na kitu, upana 2.5, na inatengenezwa na watu wengi. Yangu haikuandikwa jina la yeyote. Kabla yake nilikuwa nachomeka sevo moja kwa moja kwenye Arduino Uno, bodi ndogo inayoendesha programu, na kwa sevo mbili tatu sikuona shida. Kwa 14, pini zinakwisha kabla hujafikiria kihisi hata kimoja. Bodi inataka nyaya nne tu kutoka Uno: chanya, hasi, na mbili za mawasiliano ya I2C. Ukishaiambia sevo ya 5 ikae pembe fulani, chipu inaendelea kupiga mipigo (ishara fupi za umeme ambazo urefu wake ndio unaoiambia sevo pembe) yenyewe bila kuisumbua Uno. Chaneli 16 zisipotosha, unadondosha lehemu kwenye vidaraja vya anwani, vinavyoipa bodi namba yake ya kuitwa, na kuongeza bodi nyingine kwenye nyaya zilezile, hadi bodi 62. Hizo ni sevo 992. Sina ukumbi wa kufuga kaa hao.

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo nilipopoteza jioni tatu. Bodi ina njia mbili za umeme, na majina yake yamefanana kwa namna ya kumponza mgeni: VCC na V+. VCC ni ya chipu, V+ ni ya sevo. Mimi kwa uvivu nilizivuta zote mbili kutoka volti 5 za Uno, ambayo nayo ilikuwa inakula kwenye USB ya kompyuta. Mguu mmoja ulitembea. Miwili, ikatembea. Nikaamuru miguu yote isimame na magando yapande. Wahenga walisema kaa akiinua gando, mambo yamekatika. Kwangu ulikatika umeme. Uno ikazima, ikawaka, ikaanza programu upya, magando yakapanda tena, ikazima tena. Ngadu akawa kama mtu mwenye kwikwi.

Nilibadilisha programu jioni nzima nikitafuta kosa lisilokuwemo. Hesabu ilikuwa rahisi kuliko programu: sevo ndogo ya gramu 9 ikibanwa isisogee hunyonya zaidi ya nusu ampea, na fyuzi ya USB kwenye Uno ni ya miliampea 500. Yaani sevo moja iliyokwama inatosha kuimaliza, mimi nilichomeka 14. Dawa ni chanzo tofauti kwenye skrubu za V+. Nilitumia adapta ya volti 5, ampea 10. Volti 6 ndiyo mwisho, usipande zaidi. Hasi ya adapta na hasi ya Uno zikutane kwenye bodi, la sivyo sevo zitatetemeka kana kwamba zina homa.

Hata hivyo, baada ya dakika kumi za kutembea nilizigusa zile skrubu nikakuta zimepata joto. Bodi nyembamba hivi haipendi ampea nyingi zipite kwenye njia zake. Sevo saba nikazipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye adapta, nikaacha waya wao wa amri tu uje kwenye bodi. Pia tundu la kapasita, kile kijitanki cha umeme, lilikuwa tupu kabisa. Kanuni inayotumika sana ni maikrofaradi 100 kwa kila sevo; nilikuwa na moja ya 2200 nikailehemu hiyo, upande wa hasi nikiutazama mara mbili.

Umeme ukatulia, lakini Ngadu akasimama amepinda. Kila mguu ulikosea upande uleule, kama digrii 8. Nilidhani nimechomeka mikono ya sevo vibaya, nikafungua yote 14 (skrubu zile ni ndogo kuliko subira yangu). Kumbe ni saa ya ndani ya chipu. Kwenye karatasi inahesabu kwa MHz 25, na maktaba ya programu (msimbo uliokwisha kuandikwa wa kuendesha bodi) inaamini hivyo. Nikaweka multimita upande wa kupima Hz: nilikuwa nimeomba mipigo 50 kwa sekunde, ikasoma 53. Maana yake saa ilikuwa inakimbia kama MHz 26.5, na mpigo wa maikrosekunde 1500 ulitoka takriban 1415. Maktaba hiyo, ya kampuni ya Adafruit, ina mahali pa kuandika kasi halisi ya saa. Nikaandika hiyo 26.5, kaa akanyooka. Bodi ya akiba niliyonunua mahali palepale ilisoma 51. Kwa hiyo usinakili namba ya mwenzako, pima yako.

Kuhusu usahihi sina neno. Kwa Hz 50 kila hatua ya urefu wa mpigo ni kama maikrosekunde 4.9, na sevo hizi ndogo zenyewe hazisikii badiliko dogo hivyo. Lawama yangu ni kasi. Bodi haijui kwenda polepole: ukiipa pembe mpya, sevo inaruka kwa nguvu zake zote. Rafiki yangu aliniazima Micro Maestro, bodi ya sevo ya kampuni ya Pololu, ya chaneli 6, ambayo unaiwekea kikomo cha kasi na cha mchapuko (jinsi kasi inavyopanda) kwa kila sevo, na mwendo unatoka laini bila wewe kuandika chochote. Niliirudisha kwa shingo upande. Kwangu nimelazimika kuandika kipande cha programu kinachosogeza kila mguu kidogo kidogo kila milisekunde 20. Kinafanya kazi, ila kama mradi wako una sevo zisizozidi 6 na hupendi kuandika programu, nunua ile.

Kitu ambacho wengi hawakigusi ni pini ya OE, inayowasha na kuzima mipigo yote ya bodi. Ukiiwasha upya Uno, chipu haina habari: inaendelea na amri ya mwisho, na mguu uliokwama unaendelea kujikaza hadi sevo itoe harufu ya kuungua. Nimeweka kitufe kati ya OE na VCC. Nikikibonyeza mipigo yote inakatika na Ngadu analegea chini. Kitufe hicho kimeniokolea sevo mbili, na kidole kimoja kilichoshikwa na gando.

Plagi ya sevo ukiigeuza nyuma mbele haiungui, maana chanya iko katikati. Sevo inanyamaza tu. Nimefanya hivyo mara tano.

Nimeziandika bodi zote mbili mgongoni kwa kalamu ya wino mzito, 26.5 na 25.5. Ya pili iko kwenye droo. Binti yangu ameshaiona, na anataka kujua ile miguu miwili itarudi lini.