NanoVNA na kompyuta: uzoefu wangu baada ya miezi minane, na kebo iliyonidanganya

Nina NanoVNA miezi minane sasa, kifaa cha kupimia antena za redio na kebo zake, ile ndogo inayoenea kiganjani, ya kwangu inapima kuanzia kilohezi 50 mpaka megahezi 900. Niseme mapema kabisa, utamu wake uko kwenye kompyuta. Skrini yake ni ndogo, juani huoni kitu, ila ukiichomeka USB na kufungua programu ya NanoVNA-Saver unapata grafu kubwa, chati ya Smith (mchoro wa duara wa kusomea tabia ya antena), na unaweza kusevu kila kipimo.

Kilichonifanya niitafute ni antena yangu ya VHF, kijiti cha robo wimbi cha megahezi 145. Wenzangu wa redio kila siku wananiambia unasikika kwa mbali, una kelele, lakini mita ya SWR pale kwenye redio (inaonyesha mawimbi yanarudi kiasi gani kutoka kwenye antena, 1 ndiyo safi kabisa) inasoma 1.3, sasa kwa 1.3 utaanza kushuku antena kweli? Nikabadilisha maikrofoni, nikabadilisha redio, wapi.

Siku ya kwanza kompyuta haikuiona kabisa, kumbe waya wa USB niliotumia ulikuwa wa kuchajia tu, haupitishi data. Nikaweka mwingine ikakubali. Halafu kukalibreti, yaani kukisawazisha kifaa kabla ya kupima: unafunga vichwa vitatu vya majaribio kimoja kimoja, kilicho wazi, chenye shoti, na chenye mzigo wa omu 50, programu yenyewe inakuelekeza. Hapa usifanye haraka jamani. Ukibadilisha masafa (megahezi) unayopima, rudia, na kama umeongeza adapta au kipande cha waya basi kalibreti mwisho wa kile kipande, la sivyo unapima adapta pamoja na antena. Na redio iwe imechomolewa kabisa, ukibonyeza kurusha huku hiki kifaa kiko kwenye laini umekiua.

Sasa kilichonishangaza. Nilipanda juu nikachomoa antena, nikaacha mwisho wa kebo wazi, nikashuka kupima chini. Mwisho ukiwa wazi mawimbi yote yanatakiwa yarudi, yakipungua ujue yamepotelea njiani, kwenda na kurudi. Ikasoma upungufu wa desibeli 12 (kila desibeli 3 ni nusu ya nguvu imepotea), gawa kwa mbili ni 6 kwa safari moja. Kebo yangu ni RG-58 ya mita 15, ikiwa mpya ingepoteza kama 3 tu kwenye masafa hayo. Yaani nikirusha wati 40, zinazofika juu ni 10! Na kilichokuwa kinarudi kutoka kwenye antena kilikuwa kinaliwa tena na kebo ileile kabla hakijafika kwenye mita, ndiyo maana mita inaona 1.3 safi wakati pale juu kwenyewe SWR ni karibu 3.

Nikataka kujua ubovu uko wapi. Programu ina sehemu ya kupima umbali, ila lazima uiambie kasi ya mawimbi ndani ya kebo, RG-58 ya kawaida ni 0.66 ya kasi ya mwanga, mimi mara ya kwanza niliacha 1 na kebo ya mita 15 ikasomeka karibu 23. Pointi 101 za kifaa ni chache kwa kazi hii, nikayagawa masafa ya kupima vipande 10, kila kimoja na pointi zake 101, inachukua muda lakini mstari unakuwa msafi. Kwenye grafu kulikuwa na kinundu mita kama 14, karibu kabisa na konekta ya juu. Nikakata pale, wavu wa shaba umekuwa wa kijani na mweusi, maji yameingia na kushuka ndani.

Nikaweka kebo mpya, konekta nikaifunga vizuri na tepu ya mpira. SWR ikapanda mpaka 1.7 na nilifurahi sana, maana kebo mpya haiifichi antena kama ile ya zamani. Bonde la grafu, pale SWR inaposhuka chini kabisa, lilikuwa megahezi 130, yaani kijiti cha antena kirefu mno. Nikakata kidogokidogo huku naangalia laptopu, kutoka sentimita 55 mpaka 49, bonde likasogea mpaka 145.

Kasoro? Soketi zake za SMA (zile ndogo za kufungia kebo) ni laini, ukifunga na kufungua kila siku zinalegea, mimi nimeacha adapta fupi imefungwa hapo muda wote. Na karibu na mnara wa redio wenye nguvu grafu inachafuka.

Kipimo cha siku ile ya kebo mpya nimekisevu. Kila mvua kubwa ikipita napima tena na kuweka mstari wa leo juu ya ule wa kwanza, mpaka sasa imelaliana.