zlib imeokoa madeni ya duka, kampuni ya seva imenitukana

Naandika nikiwa bado na hasira. Kampuni moja ya kutunza data huku Kijitonyama imenirudishia bekapu ya mteja wangu, mama mwenye duka la vipuri Kariakoo, ikiwa imekatika. Faili la gzip, yaani lililobanwa ili lipungue ukubwa, limeishia njiani. Nikaenda kuuliza. Kijana wa kaunta hakuinua hata macho kwenye simu yake: "Dada, hilo limeshakufa. Anzeni upya." Tuanze upya? Madeni, stoku, mauzo, vyote vimo mle!

Halikufa. Anayelipwa kutunza data za watu alipaswa kujua hilo. Ubanaji wa Deflate, ambao zlib, programu ya kubana na kufungua data, inautumia, ukikuta maneno yaliyokwisha kupita hauyaandiki tena. Unaweka agizo fupi tu: rudi nyuma kiasi hiki, nakili herufi kadhaa. Haurudi zaidi ya kilobaiti 32, na hautegemei kinachokuja mbele. Mkia ukikatika, yaliyotangulia bado yanafunguka.

Mwanzoni zlib nayo iliniudhi. Nikiwa kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, niliita zlib.decompress, amri ya kufungua data yote kwa mkupuo, ikanirushia kosa -5, data haijakamilika, bila kunipa hata mstari mmoja. Nikaona hawa wote ni wale wale. Kumbe ipo decompressobj, inayofungua kipande kwa kipande: ukiiwekea kigezo cha wbits kuwa 31 ili itambue gzip, inakumwagia kila ilichofungua hadi pale palipokatika. Madeni yakatoka, jina baada ya jina. Nilipiga vigelegele peke yangu usiku ule. Mungu awabariki Jean-loup Gailly na Mark Adler, walioitoa mwaka 1995 na hadi leo haiuzwi.

Niipe alama zote? Hapo nasita. Baiti 8 za mwisho za gzip ndizo zenye CRC-32 ya kuhakiki data, pamoja na ukubwa wake kabla ya kubanwa. Zimekwenda na mkia, kwa hiyo ilibidi mama alinganishe madeni na daftari lake, deni kwa deni. Na mauzo ya mwishoni hayapo kabisa. Hilo linaniuma, nusura niipunguzie. Lakini zlib haikukata faili la mtu. Naipa zote.

Wale wa Kijitonyama wameshatuma ankara ya mwezi mwingine. Pole hawajatoa.