Duka la malisho la Ngong Road: Boma Rhodes ndiyo, alfalfa kwa kipimo

Kama una farasi hapa Nairobi na humpandi zaidi ya wikendi, nunua Boma Rhodes, yaani nyasi kavu ya malisho, iliyokatwa mapema, lipa, ondoka. Alfalfa, yale majani ya jamii ya kunde, waachie wenye farasi wa mbio na majike yanayonyonyesha. Hiyo ndiyo hukumu yangu juu ya duka la malisho ninaponunua, kando ya Ngong Road ukielekea Karen. Jina nitaliacha, maana nina malalamiko nao pia.

Mimi ni saisi. Mwenye farasi akiniambia mnyama wake amekuwa mkorofi, huuliza kwanza anakula nini, ndipo nije kwenye tandiko na aliyempanda.

Boma Rhodes yao ni nzuri, ila uchague mwenyewe. Iliyokatwa ikianza tu kutoa maua ina majani mengi, bado ni ya kijani, na ukifungua robota inanukia. Ikiachwa mpaka mbegu zipukutike, unauziwa vijiti vya manjano vyenye protini kidogo. Pale dukani zote mbili ni bei moja! Nilimuuliza kijana wa stoo, "Kaka, hii ilikatwa lini?" Akanijibu, "Mzee, nyasi ni nyasi." Hapana. Ninaye farasi mmoja mzee, mnene, mpole kupita kiasi. Huyo vijiti vinamfaa kabisa. Anatafuna kutwa, haongezi mwili, na hana nafasi ya kuguguna mbao za mlango. Lakini farasi anayefanya kazi akilishwa hivyo hivyo anakonda na kuzubaa, halafu mwenyewe anadhani ni mvivu.

Nyasi nzuri huchachuka polepole kwenye utumbo mpana, kwa hiyo nguvu yake inamfikia farasi kidogo kidogo siku nzima. Ndiyo maana anayekula nyasi nyingi na nafaka kidogo huwa na akili tulivu. Farasi wa kilo 450 piga hesabu ya kilo 9 hivi za nyasi kavu kwa siku.

Sasa alfalfa. Kuna jike wa kahawia ambaye mwenyewe aliagiza apewe alfalfa tupu, eti ni chakula cha mabingwa. Jike mwenyewe kazi yake ni kubeba watoto Jumamosi. Haukupita muda akawa anashtuliwa na kila mfuko wa karatasi, anavuta kamba, watoto wanalia. Wengi husema protini ndiyo inayowapandisha mori. Mimi sikubali. Alfalfa ina protini nyingi kweli, mara nyingi asilimia 15 hadi 20, lakini ya ziada hutoka na mkojo, na banda linanuka amonia mpaka macho yanawasha. Kinachomrusha farasi ni nguvu nyingi isiyo na kazi. Tulimrudisha kwenye Boma Rhodes kwa kuchanganya, siku hadi siku, kwa sababu ukibadilisha ghafla unaita msokoto wa tumbo. Akatulia.

Hata hivyo sitaitukana alfalfa. Kalsiamu yake hupunguza makali ya asidi tumboni, na farasi wa mbio mwenye vidonda vya tumbo, ukimpa konzi kadhaa kabla ya mazoezi, huacha kung'ata mtu anayemkaza mkanda wa tandiko. Malisho yale yale yanamchokoza huyu na kumtuliza yule.

Majani ya oti pia wanayo. Farasi wanayapenda kwa utamu, na kwa sababu ya utamu huo huo simpi yeyote aliyewahi kuugua kwato.

Malalamiko yangu ni uzito. Robota wanasema ni kilo 15. Mengine niliyapima bandani yakatoa 11. Beba mizani ya kuning'iniza, hawatanuna. Marobota ya chini pia kataa kipindi cha mvua: ukiligonga likatoa vumbi jeupe, hiyo ni kuvu, na farasi atakohoa. Kwa upande wa usafiri, nawapa alama zote. Pikapu huja siku hiyo hiyo, na vijana wanapanga wenyewe.

Kama stoo yako haivuji, nunua ya kutosha mvua za vuli zikishaisha. Kiangazi kikikolea, pale hubaki vile vijiti tu, na bei imepanda.