Sindano za milimita 4 za kalamu ya insulini: fundi cherehani nimezitumia miezi mitano

Mimi hushona sare za shule hapa Nakuru, kibanda changu hakiko mbali na Soko la Wakulima, na kwa miaka 31 sindano ndiyo imenilisha. Kwa hiyo boksi hili nitalipima kifundi. Mgonjwa husema tu "inauma". Fundi huuliza ni namba ngapi, ncha ikoje, na imeshashona nguo ngapi.

Nina sukari tangu 2016, na insulini nilianza 2021. Nilianzishwa na chupa na yale mabomba madogo yenye kifuniko cha rangi ya chungwa, sindano yake milimita 8, asubuhi na jioni, tumboni. Mabomba hayo hayana ubaya, wengi wanayatumia na wako sawa. Ubaya ulikuwa wangu. Kwa kubana pesa nilitumia bomba moja wiki nzima, nikilifuta kwa spiriti na kulirudisha kwenye kikombe juu ya kabati. Siku ya kwanza husikii kitu. Siku ya tano ngozi inabonyea kwanza, inakataa kataa, halafu inapasuka kwa mlio ambao masikio hayausikii ila meno yanausikia. Na ni mimi huyu huyu ambaye nikimkuta mwanafunzi wangu anashona shifoni kwa sindano butu namfokea mpaka wateja wanageuka.

Kisha nikavumbua mahali pasipouma. Vidole vitatu kushoto kwa kitovu, na pacha wake upande wa kulia. Nilishukuru Mungu, nikahamia hapo moja kwa moja. Mwaka jana ukielekea kuisha palikuwa na vinundu viwili, laini lakini vyenye kujaa, kama pedi za mabega ya koti. Nikapanua sketi zangu kiunoni nikidhani ni chapati. Sukari nayo ikawa haina adabu: asubuhi imepaa hadi 17, jioni imeanguka hadi 4, chakula kile kile, uniti zile zile. Nililaumu dawa, nikalaumu friji, nikamlaumu mpaka kijana wa kemisti.

Nesi wa kliniki ndiye aliyenilaza kitandani akapitisha vidole polepole tumbo zima, kisha akachukua biro na kuchora duara mbili, vile mimi huchora na chaki kwenye kitambaa. Akaniambia, "Mama, dawa yako unaipeleka stoo, haifiki sokoni." Ukidunga sehemu moja kila siku, tena kwa sindano iliyochakaa, mafuta ya chini ya ngozi huvimba, na insulini ikiingia humo hutoka kwa wakati wake yenyewe, leo kidogo, kesho nyingi. Na ile raha ya kutosikia maumivu ilikuwa ni dalili, kumbe.

Kuhama hapo hakutaki haraka. Daktari alinipunguzia uniti kwanza, kwa sababu kwenye ngozi nzima dawa huingia yote. Hata hivyo wiki ya kwanza sukari ilishuka mno, niliamka usiku nimeloa jasho, mikono inatetemeka kama niko juu ya cherehani ya umeme, nikakoroga maji ya sukari nikanywa nimesimama. Kwa hiyo usisome hapa ukahama peke yako bila kumwambia daktari.

Sasa, boksi lenyewe. Binti yangu alininunulia kalamu, kile kifaa cha kudungia chenye insulini ndani yake, na kalamu hula sindano zake za kupachika. Nilichukua za 32G, milimita 4, boksi la 100. Mafundi wenzangu, hapa msichanganyikiwe kama mimi: kwa cherehani namba ikipanda sindano inanenepa, kwa hizi namba ikipanda inakonda. Sindano yangu nyembamba kabisa ya mashine, namba 9, ile ya hariri, imeandikwa 65, maana yake unene wa milimita 0.65. Hii ya insulini ni 0.23. Nilizilaza mbili pamoja kwenye karatasi nyeupe nikavaa miwani, na ile namba 9 ilionekana kama msumari.

Urefu ndio ulionitia shaka. Mimi ni mwili mkubwa, nguo yangu ni saizi 20, nikaona milimita 4 itabaki juu juu. Nesi akasema ngozi yenyewe, kwa mnene na kwa mwembamba, ni kama milimita 2 hivi, hazipishani sana. Nne inavuka ngozi, inatua kwenye mafuta, haifiki kwenye nyama ya msuli. Isimamishe wima, dunga moja kwa moja, hata kufinya ngozi sihitaji.

Siku ya kwanza nilidunga nikangoja maumivu yaje. Nikatazama kama imeingia kweli. Ilikuwa imeingia. Kosa nililofanya ni kuichomoa upesi kwa furaha, na tone likabaki juu ya ngozi linang'aa, dawa ya pesa. Sasa nikishabonyeza hadi mwisho nahesabu mpaka kumi, polepole, ndipo natoa.

Maumivu yaliyobaki, nikisema haki, si ya sindano. Kuna spiriti: ukidunga kabla haijakauka inaingia nayo, na inachoma kama pilipili. Kuna baridi: dawa iliyotoka tu kwenye friji huuma. Kalamu ninayotumia naiweka kabatini mbali na jua, hadi wiki nne, ndivyo karatasi ya dawa yangu inavyosema. Za akiba ndizo zinalala kwenye mlango wa friji, mbali na barafu. Lakini asubuhi za Julai hapa Nakuru hata ya kabatini huamka baridi, kwa hiyo naiviringisha viganjani. Dawa yangu ni ile yenye rangi ya maziwa, kuviringishwa na kupinduliwa lazima hata hivyo.

Mahali pa kudunga nimepanga kwa futi kamba, na binti yangu alicheka sana. Tumbo nimeligawa vipande vinne, kila wiki kipande chake, nikizunguka kama saa. Ndani ya kipande, kila tundu liko kidole kizima kutoka tundu la jana, na kitovu nakiachia nafasi ya vidole viwili kila upande. Duara za biro sizigusi. Nikichoka na tumbo kuna mapaja, upande wa nje.

Lawama zangu kwa sindano hizi. Ya kwanza ni bei: kemisti yangu huuza moja moja shilingi 25, boksi lote shilingi 2,200, na kwa mtu wa mara mbili kwa siku ni siku 50 tu. Msimu wa Januari, sare zikitoka, bei hiyo siisikii. Mwezi wa Mei niliisikia. Nilijaribu kuokoa kwa kuiacha moja kwenye kalamu usiku, asubuhi nikakuta mfuko umelowa na hewa imeingia kwenye dawa, nikamwaga uniti kadhaa kuitoa. Hesabu ilikataa. Ya pili, kuna vifuniko viwili, kikubwa cha nje na kidogo cha ndani, na hicho cha ndani hurukia chini ya meza kama kifungo cha shati la mtoto. Ya tatu, maelezo ni ya herufi za sisimizi na hakuna neno hata moja la Kiswahili. Na kwa kuwa ni fupi, mkono unataka kukandamiza. Nilikandamiza, nikapata alama ya buluu ya siku nne. Iguse ngozi tu. Damu ikitokea bonyeza kwa pamba, usisugue.

Kutupa nako. Sindano 100 ni nyingi kwa nyumba moja, na kwetu takataka hupekuliwa na watoto wanaotafuta chuma chakavu. Nimechukua dumu gumu la sabuni, nimeandika SINDANO kwa kalamu ya kuchorea nguo, likijaa napeleka kliniki wanalichukua.

Nyota nne kati ya tano, hiyo moja imeliwa na bei. Sukari ya asubuhi sasa inacheza kati ya 7 na 9. Kinundu cha kushoto kimeshuka, cha kulia bado nakisikia nikipitisha kidole, na sketi nilizopanua mwaka jana sijaanza kuzirudisha.