Ziwa la Kigoma, mawe ya Tabora

Ukipanda treni Tabora kwenda Kigoma, unaona kazi mbili za ardhi kwa nauli moja.

Kigoma ni kazi ya kutoka chini. Ganda la dunia lilivutwa huku na huku, likapasuka, kipande cha katikati kikadidimia na maji yakajaa. Ndiyo maana Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Uso wake uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Piga hesabu, sakafu yake iko mita 700 hivi chini ya usawa wa bahari! Na ufa wenyewe bado unatanuka, milimita chache kwa mwaka.

Kwetu Tabora hakuna vurugu hizo. Mwamba wake una zaidi ya miaka bilioni 2.5, na mvua, jua na mito vimeukwangua hadi ukabaki uwanda, mita 1,200 hivi juu. Matale, yaani mawe ya graniti, yaliyosalia yanamenyuka kama kitunguu: bandua ganda moja, lisugue kiganjani, unabaki na changarawe.

Kwa macho, Kigoma inashinda, sibishi. Ila ufa wao umezama majini. Mmomonyoko wa kwetu unaushika kwa mkono.