Seti ya bloku na pistoni kwa Honda CG125 ya zamani: spea ya Kariakoo inafaa?

Inafaa, ukijua unachonunua. CG125 ilitoka 1976, na injini nyingi za Kichina za bodaboda ni nakala yake, ndiyo maana seti hii haikosi Kariakoo.

Usiutegemee mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Mara nyingi ni wa usajili. Soma namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani, kisha ya injini. Zisipoendana na mwaka mmoja, injini ilishabadilishwa. Umeme wa volti 6 huashiria toleo la mwanzo.

Dukani pima kipenyo kwa venia (kipimo cha taya): pistoni iwe milimita 56.5. Ya 62 ni ya CG150, na wauzaji huzichanganya (boksi ni lile lile!). Kabla ya kufunga, ingiza ringi peke yake kwenye bloku, upime mwanya kati ya ncha zake kwa fila (vibati vya kupimia mwanya). Ukiwa chini ya milimita 0.15, ncha zitagusana injini ikipata moto na kukwaruza bloku. Alama ya IN iliyo juu ya pistoni ikae upande wa kabureta. Mwanya wa valvu uwe milimita 0.08, injini ikiwa baridi.

Bloku ni nzuri. Gasketi za kwenye seti ni nyembamba, huvuja oili mapema; nunua nyingine kando.